Dawa za Wasiwasi na Mwili Unaoshtuka

Kushtuka hutangulia kujua. Tairi la lori likipasuka kwenye barabara kuu ya Thika, hatua chache kutoka steji ya Ruiru, abiria anayengoja matatu hufumba macho, huinamisha kichwa, hupandisha mabega na kukunja mikono kabla hajatambua kama kilicholia ni tairi au bunduki. Kope ndizo za kwanza: msuli unaozizunguka hujikaza milisekunde 30 hadi 50 baada ya sauti kufika sikioni. Njia ya ujumbe huo ni fupi mno. Hutoka sikio la ndani, hupitia kundi dogo la seli kubwa zilizo katika shina la ubongo, kisha hushuka moja kwa moja hadi kwenye misuli ya uso, shingo na viungo. Sehemu za ubongo zinazopima na kuamua hupata habari baadaye, mwili ukiwa umekwisha kujikunyata.

Mwaka 1939 wanasaikolojia wa Marekani Carney Landis na William Hunt walichapisha kitabu kizima juu ya jambo hili. Walikuwa wakifyatua bastola karibu na watu huku kamera za filamu za kasi kubwa zikiwanasa. Walichokiona ni kwamba mikono na magoti hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini jicho hufumba karibu kwa kila mmoja, wakiwemo wapiga shabaha wazoefu. Hilo si dogo katika eneo lenye askari wengi kama hili. Ruiru ina chuo cha mafunzo cha Magereza, Thika ina kikosi cha 12 cha wahandisi wa jeshi, na kambi ya Kahawa haiko mbali. Mafunzo humfanya askari atulie haraka baada ya mlio. Hayafuti mshtuko wenyewe, na hakuna dawa salama inayoufuta.

Sauti ikijirudia bila madhara, mshtuko hupungua. Fundi wa jua kali anayeshinda akigonga mabati hashtuki kwa nyundo ya jirani, ingawa mgeni aliyepita tu huruka. Kinyume chake pia ni kweli: hofu ikiwepo, mlio uleule huleta mshtuko mkubwa zaidi. Mwaka 1951 Brown, Kalish na Farber walionyesha kwamba panya waliofundishwa kuogopa ishara fulani walishtuka zaidi kelele ilipopigwa wakati ishara hiyo ipo. Miaka iliyofuata Michael Davis, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Yale kisha Emory, aliufuatilia mzunguko huo ndani ya ubongo hadi kwenye amigdala, kifundo kidogo kilicho ndani ya ubongo upande wa masikio, ambacho hutuma nyuzi hadi kwenye zile seli za shina la ubongo na kuzitia makali. Giza peke yake linatosha kuonyesha jambo hili. Binadamu hushtuka zaidi akiwa gizani, jambo ambalo kila aliyesikia mlango ukibamizwa stima zikiwa zimepotea analijua. Panya, kiumbe wa usiku, hushtuka zaidi kwenye mwanga mkali.

Kwa hiyo mshtuko una sehemu mbili ambazo ni lazima zitenganishwe kabla dawa yoyote haijatajwa. Upo mshtuko wa msingi, alionao kila mtu mwenye masikio na neva nzima. Juu yake ipo nyongeza inayoletwa na hofu. Maradhi yako kwenye nyongeza, na swali la dawa ni kama inagusa nyongeza au inakandamiza vyote kwa pamoja.

Kushtuka kupita kiasi kumo katika dalili za maradhi ya msongo baada ya kiwewe tangu maradhi hayo yalipoingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeyafupisha maradhi hayo hadi nguzo tatu: tukio kurudi kana kwamba linatendeka sasa, kukwepa kila kinacholikumbusha, na hali ya kujiona hatarini wakati wote, ambayo hujitokeza kwa kukaa macho au kwa kushtuka haraka. Utafiti umeongeza jambo la faraja kidogo. Scott Orr, Roger Pitman na wenzao waliwachunguza mapacha wa Marekani ambao mmoja alipigana Vietnam na mwenzake hakwenda. Moyo wa pacha aliyeugua ulienda mbio kwa kila mlio. Wa nduguye aliyebaki nyumbani haukufanya hivyo. Nchini Israeli, Arieh Shalev na wenzake waliwafuata majeruhi tangu wiki ya kwanza baada ya ajali. Mwanzoni waliokuja kuugua hawakutofautiana na wengine. Tofauti katika kushtuka ilijitokeza katika miezi iliyofuata. Mshtuko wa kupindukia basi haukuwepo tangu kuzaliwa, na wala haupatikani papo hapo siku ya tukio. Unajengeka, na kitu kinachojengeka kwa wiki kadhaa kinatoa nafasi ya kuingilia kati.

Kenya ilipata somo lake kubwa asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katikati ya Nairobi, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Thika. Watu 213 waliuawa na maelfu kujeruhiwa. Mpangilio wa sauti siku ile unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo, na watu katika majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawaingia usoni na machoni. Kwa waliokuwa madirishani, mlio mdogo ukawa ndio ishara ya mlio mkubwa. Bodaboda inayotoa milipuko kwenye eksozi, makanga anayepiga ubavu wa matatu kwa kiganja, mlango wa bati unaofungwa kwa upepo: vyote ni milio midogo, na mwili uliojifunza somo la siku ile husubiri wa pili.

Dkt Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu 2,883 mwezi mmoja hadi mitatu baada ya shambulio hilo, na matokeo yakachapishwa katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza mwaka 2004. Takriban asilimia 35 walikuwa na dalili zinazotosheleza maradhi ya msongo baada ya kiwewe. Walioelemewa zaidi ni pamoja na waliojeruhiwa, waliofiwa, walioingia katika shida za fedha na, hili halitajwi vya kutosha, wale ambao hawakuwa wamemsimulia rafiki yeyote. Tangu hapo wakazi wa ukanda huu wameongezewa mengine: ghasia baada ya uchaguzi wa 2007, mabomu yaliyolipuka katika mabasi mawili kwenye barabara ya Thika tarehe 4 Mei 2014, risasi za Githurai usiku wa tarehe 25 Juni 2024, na ajali za barabarani ambazo hazingoji tarehe.

Namna ya kupima nyongeza ya hofu kwa binadamu imetulia kwa miaka mingi sasa. Mtu huketi kitini akiwa amebandikwa vipande viwili vidogo vya chuma chini ya jicho moja, vya kusoma umeme wa msuli wa kope. Huvaa visikizio. Mara kwa mara hupigiwa kelele kali ya desibeli 100 hivi, inayodumu milisekunde 40 au 50 tu. Kwenye kifundo cha mkono huwekwa kifaa cha kutoa shoti ya umeme isiyo na madhara lakini isiyopendeza. Christian Grillon, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, alipanga jaribio hilo katika vipindi vitatu. Katika cha kwanza mtu huambiwa wazi kwamba hakuna shoti. Katika cha pili shoti huja, lakini tu wakati alama fulani iko kwenye skrini. Alama ikiondoka, mtu yuko salama. Katika cha tatu shoti huweza kuja wakati wowote, penye alama au pasipo alama.

Vipindi viwili vya mwisho vinafanana kwa maumivu, lakini havifanani kwa ubongo. Hatari yenye alama huleta woga unaopanda na kushuka. Hatari isiyo na saa huleta wasiwasi unaokaa, na kope hujikaza kwa nguvu hata katikati ya kimya. Grillon na wenzake walipowaweka wagonjwa kitini, wenye maradhi ya hofu ya ghafla na wenye msongo baada ya kiwewe walizidi watu wazima wa afya hasa katika kipindi kile cha tatu. Wenye wasiwasi wa jumla, wale wanaohangaikia karo, kodi ya nyumba na afya ya watoto mchana kutwa, hawakuonyesha ongezeko hilo. Majina ya maradhi haya hukaa jirani katika vitabu, na mara nyingi huandikiwa dawa zilezile, lakini mwili hauyatendei sawa.

Dawa iliyo maarufu kuliko zote ni diazepamu, ambayo wengi huiita Valium. Familia yake, benzodiazepini, iligunduliwa na Leo Sternbach katika kampuni ya Roche. Ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1960, Valium ikafuata mwaka 1963. Ubongo una kemikali yake ya kuzima, iitwayo GABA, ambayo hufungua vijitundu vya klorini kwenye seli za neva na kuzifanya zisichokozeke kwa urahisi. Benzodiazepini hukaa pembeni ya kifungulio hicho na kuvifanya vifunguke mara nyingi zaidi. Kwa kuwa vijitundu hivyo vimetapakaa ubongo mzima, athari nazo zimetapakaa: wasiwasi hupungua, usingizi huja, misuli hulegea, degedege hukoma, na kumbukumbu ya saa chache zinazofuata huwa na mashimo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayowafaa wezi wa vilabuni. Kile ambacho mitaa ya Kenya hukiita mchele, kinachotiwa katika kinywaji cha mtu ili aibiwe na asikumbuke, mara nyingi ni dawa za familia hii.

Kwa panya, mambo yalionekana rahisi. Mwaka 1979 Davis alionyesha kwamba diazepamu hupunguza ile nyongeza ya woga, na kwa muda mrefu kipimo hicho kilitumika kuchuja dawa mpya. Kwa binadamu hesabu ilikataa. Johanna Baas na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo yaliyoeleza kwamba benzodiazepini hazikugusa nyongeza ya mshtuko iliyoletwa na hatari yenye alama. Zilipunguza mshtuko wa msingi, yaani mtu alisinzia na kope zikalegea kwa kila sauti. Miaka minne baadaye Grillon alitumia alprazolamu na kuona picha kamili: dawa ilipunguza wasiwasi wa hatari isiyo na saa, lakini woga wa alama iliyo wazi ukabaki pale pale.

Hapo ndipo manung'uniko mengi ya wagonjwa yanapopata maelezo. Mtu aliyenusurika ajali ya matatu anaweza kumeza dawa asubuhi, akaketi kwa utulivu ambao hakuwa nao, lakini breki zikilia nyuma yake bado ataruka. Yeye na jamaa zake huamua kwamba dawa haifanyi kazi, au kwamba kipimo ni kidogo. Dawa imefanya kazi yake, ambayo ni kupunguza kungoja. Breki ni alama iliyo wazi, na kuongeza vidonge kwa ajili ya alama iliyo wazi huishia kuongeza usingizi, kuanguka kwa wazee, na hatari kwa anayeendesha gari au mashine ya kiwandani.

Pombe ina tabia hiyohiyo. Christine Moberg na John Curtin walitumia vile vipindi vitatu mwaka 2009 na kukuta kwamba pombe ilipunguza mshtuko wa hatari isiyotabirika kuliko ule wa hatari inayotabirika. Watu wenye kiwewe wanaojitibu kwa chupa katika vichochoro vya Kiandutu au Githurai wamegundua bila maabara kile ambacho maabara ilithibitisha. Shida ni kwamba pombe na benzodiazepini hubonyeza breki moja, na zikinywewa pamoja zinaweza kuzima pumzi.

Kundi la pili la dawa ni lile linaloongeza serotonini kati ya seli za neva: fluoksetini, sertralini, paroksetini, sitalopramu. Marekani iliidhinisha sertralini kwa maradhi ya msongo baada ya kiwewe mwaka 1999 na paroksetini mwaka 2001. Dawa hizi hazisinzishi kama Valium, na mwendo wake ni wa kushangaza. Grillon na wenzake waliwapa watu wenye afya dozi moja ya sitalopramu, na mshtuko ukaongezeka. Walipowapa wengine kwa wiki mbili mfululizo, nyongeza ya wasiwasi ikapungua, ingawa woga wa alama haukubadilika. Kwa hiyo siku za kwanza za fluoksetini zinaweza kuwa mbaya kuliko siku za kabla yake: mtu hatulii, hasinzii, hushtukia hata simu yake mwenyewe. Asiyeonywa mapema huacha vidonge siku ya nne, na huko ni kuvumilia ubaya wa dawa bila kuufikia uzuri wake. Onyo hilo la dakika moja kwenye dirisha la dawa lina thamani kuliko kidonge chenyewe.

Lakini ipo sababu nzito zaidi ya kuogopa kuandika Valium kwa kila aliyepatwa na msiba. Kupona kiwewe ni kujifunza. Mtu hupita tena pale alipoumia, husikia tena mlio, na hakuna kinachotokea, mara nyingi hadi mwili uandike somo jipya juu ya lile la zamani. Dawa inayoharibu uandishi wa kumbukumbu huharibu na somo hili. Shalev na wenzake waliwapa majeruhi 13 alprazolamu au klonazepamu mapema baada ya tukio na kuwalinganisha na wengine 13 wasiopewa. Miezi sita baadaye dawa haikuwa imewakinga; waliopewa ndio walioonekana kuugua zaidi. Idadi ni ndogo, ndiyo. Barbara Rothbaum na timu yake mjini Atlanta walitumia wanajeshi 156 waliotoka Irak na Afghanistan, wakawarudisha vitani kwa miwani ya kompyuta chini ya uangalizi wa mtaalamu. Nusu saa kabla ya kila kikao mwanajeshi alimeza ama alprazolamu kiasi kidogo cha miligramu 0.25, ama d-saikloserini, ama kidonge kisicho na kitu. Miezi mitatu baada ya matibabu, zaidi ya wanne kati ya watano wa kundi la alprazolamu walikuwa bado wanaugua. Kundi la kidonge kitupu lilikuwa chini kidogo ya nusu. Utulivu wa saa moja uliwagharimu somo lenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2013 likisema kwamba benzodiazepini zisitolewe kwa watu wazima ili kupunguza dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha, wala kwa watoto.

Dawa nyingine zilitumainiwa na kuanguka. Prazosini, ya shinikizo la damu, hupunguza kazi ya noradrenalini na ilionekana kuzima jinamizi, hadi jaribio la wanajeshi wastaafu 304 lililochapishwa mwaka 2018 lilipokosa tofauti na kidonge kitupu. Baadhi ya madaktari bado huitumia kwa mgonjwa mmoja mmoja. Dawa za kuzuia homoni ya msongo iitwayo CRF zilipunguza mshtuko kwa wanyama, kisha mojawapo, ilipojaribiwa kwa binadamu mwaka 2015, ikaongeza woga. Buspironi nayo iling'ara kwa panya. Kipimo cha mshtuko kina uaminifu wake, lakini panya si mwenye nyumba Ruiru.

Ruiru ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 490,000 mwaka 2019, mji wa nne kwa ukubwa nchini, na Thika zaidi ya 250,000. Hospitali ya Thika ya Level 5 ni kimbilio la rufaa, na Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka 1910, iko kwenye barabara hiyohiyo ya Thika upande wa Nairobi. Kati ya hospitali hizo na mgonjwa yapo maduka ya dawa ya kila steji. Kwa sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya na zinazoathiri akili, diazepamu si dawa ya kununuliwa kama panadol. Inahitaji cheti cha daktari. Anayeshtuka kwa kila mlio anahitaji kuulizwa maswali machache kabla ya kuandikiwa chochote: anashtuka kwa milio yote au kwa ile inayofanana na ya siku ile, kati ya mlio na mlio anakuwaje, analala saa ngapi, anakunywa nini, anatafuna nini. Muguka na miraa huuchangamsha mwili ambao tayari uko macho.

La mwisho ni kuacha. Mwili uliozoea benzodiazepini kwa wiki nyingi hupunguza breki zake wenyewe, na dawa ikikatwa ghafla mshtuko hurudi kwa kishindo. Panya walionyimwa diazepamu baada ya kuizoea walishtuka kuliko kabla ya kuianza. Kwa mtu, sauti ya kijiko kwenye sufuria huwa haivumiliki, usingizi hukatika, mikono hutetemeka, na wengine hupata kifafa. Alprazolamu, inayotoka mwilini upesi, huleta hali hiyo ndani ya siku moja au mbili. Diazepamu hukawia, wakati mwingine wiki nzima, na ndiyo sababu mgonjwa hasadiki kwamba vidonge vinahusika. Mara nyingi hurudi dukani akiamini ugonjwa wake umezidi. Daktari hutofautisha kwa tarehe na kwa aina ya mlio: mshtuko wa kuacha dawa huja na kila sauti na hupungua wiki baada ya wiki, ule wa kiwewe hufuata alama zake zilezile za zamani. Dozi hushushwa polepole, kwa wiki au miezi kulingana na muda iliotumika, na kifafa kikijitokeza njiani, mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.